Mngoni wa Boila na Mtani Wake wa Pekee

Ijumaa, tarehe 28 Juni 1996, Mzee Nicolaus Tawete, fundi mkuu wa boila, anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Dobi cha Ruvuma, hapa North York, Toronto, kwa miaka ishirini na mitatu. Ametimiza umri wa miaka sitini na mitano. Wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu yeye mwenyewe alisema kwamba ukiandikwa kwa lugha nyingine ataufungia maandazi.

Aliyepewa kazi ya kuuandika ameagizwa aandike kwa furaha. Furaha ipo, na itaonekana. Lakini mwaka huu limetokea jambo kiwandani ambalo kila mmoja wetu analijua, na kumuaga Mzee Tawete bila kulitaja ni kumdanganya machoni pake. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa ofisi, litatajwa mahali pake.

Mzee Tawete alizaliwa mwaka 1931 Muhukuru, kusini mwa Songea, upande wa kuelekea Mto Ruvuma. Wapo watu ambao wakisikia neno Kusini hutabasamu kidogo, kama waliotajiwa ndugu asiyejua kutumia uma. Mzee Tawete analijua tabasamu hilo tangu ujana wake na hajawahi kulisamehe. Kwao walilima mahindi na ulezi. Mavuno yakishaingia ghalani, watoto walitoka kuwinda panya wa mashambani, na panya hao wakikaushwa kwa moshi na kuliwa kwa ugali, anasema, hakuna kuku wa mji huu anayewafikia. Jioni wanaume hawakula kila mtu nyumbani kwake. Walikusanyika barazani kwa mzee mmoja, kila nyumba ikaleta chungu chake, na aliyekuwa hana chungu alikula kama aliyeleta viwili. Mtoto aliyepita bila kuamkia alirudishwa mwanzo wa njia apite tena. Wakati wa ngoma ya lizombe, mpiga ngoma hakuulizwa ana elimu gani.

Hayo ndiyo malezi yake. Anayataja kama mwingine anavyotaja shahada zake, na mara nyingi kwa sauti kubwa zaidi.

Ufundi aliupata kwenye karakana ya misheni, akaanzia kufagia vumbi la chuma, akaishia kuhudumia mitambo ya mvuke. Mwaka 1971 misheni ilimleta Kanada kwa kozi ya mwaka mmoja. Kozi ilikwisha, yeye akabaki, akapanga chumba Parkdale na kufanya vibarua vya kurekebisha mabomba ya joto katika majumba ya watu.

Namna alivyopata kazi hapa inasimuliwa kila mwaka kwenye sherehe ya Desemba, lakini kwa ajili ya wageni tutairudia. Mwaka 1973 Bwana Bahadur, mwanzilishi wa kiwanda hiki, alikuwa na mashine mbili za kufulia na boila kuukuu aliyoshindwa kuiwasha. Aliita fundi kwa simu. Fundi alipofika, wawili hao walizungumza kwa Kiingereza cha shida, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye shida. Halafu Bwana Bahadur akagusa bomba la moto kwa kiwiko, na kwa maumivu akapiga kelele kwa Kingoni, lugha aliyoiokota utotoni nyuma ya duka la baba yake mjini Songea. Mzee Tawete akaweka spana chini.

"Wewe ni mtoto wa duka gani?" akamuuliza.

Aliajiriwa kabla boila haijawaka. Jina la Ruvuma lilipatikana siku hiyohiyo, na tangu hapo wateja wa hospitali na hoteli wamelitamka kwa namna zote isipokuwa ile sahihi.

Kwa miaka ishirini na mitatu, mashuka, foronya na taulo za nusu ya jiji zimepata joto kutoka kwake. Kila asubuhi huingia chumba cha boila, huvua kofia na kusema, "Shikamoo." Wafanyakazi wapya humwona mwendawazimu. Yeye huwaeleza kwamba boila ile ina umri mkubwa kuliko wao na inafanya kazi kuliko wao, kwa hiyo waanze nao kuiamkia. Brice, kijana wetu kutoka Bujumbura ambaye sasa anaichukua kazi hiyo, alicheka wiki ya kwanza. Siku hizi huvua kofia.

Ile meza ndefu ya chumba cha chakula pia ni yake. Aliitengeneza mwenyewe mwaka 1975 kwa mbao za vifungashio vya mashine, baada ya kuona wafanyakazi wakila kila mtu kwenye kona yake, wamegeukia ukuta. Alisema hajawahi kuona jambo la aibu kama hilo, hata mbuzi hula wakitazamana. Tangu wakati huo chakula huwekwa katikati. Sambusa za nyumbani kwa Bwana Bahadur huko Unionville, maharage ya Burundi, sombe ya majani ya muhogo ya Wakongo, samaki wa chumvi wa Wareno wa idara ya pasi, vyote hukaa pamoja, na anayekula peke yake huulizwa kama anaumwa. Katika meza hiyo Bi. Inara, binti wa Bwana Bahadur, alikula ugali kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sita, Jumamosi baba yake alipomleta kazini. Mzee Tawete alimkatia tonge na kumfundisha kulitia shimo kwa dole gumba. Wanaokumbuka wanasema mtoto alimwita Anko Nicolaus na hakutaka kuondoka.

Pia ni mkali, na hilo si siri. Katika mandari ya jumuiya yetu pale High Park, miaka minne iliyopita, mshereheshaji mmoja aliyevaa tai katikati ya Julai alimkaribisha kama "mzee wetu wa porini kutoka kule Kusini, aje atuchekeshe." Mzee Tawete alipokea kipaza sauti.

"Ni kweli natoka porini," alisema. "Huko porini nilifundishwa kwamba mgeni hukaribishwa kwa jina la baba yake. Baba yangu ni Tawete. Wewe wa mjini, wako anaitwa nani, nimpe pole?"

Alirudisha kipaza sauti, akakaa, akaendelea na kipande chake cha muhogo. Mshereheshaji alivua tai kabla ya saa sita.

Sasa tumtaje Bibi Redempta Kikoti wa idara ya kukunja mashuka, kwa sababu bila yeye wasifu huu haueleweki. Bibi Redempta ni Mhehe wa Kalenga, Iringa. Alikuja Toronto na mumewe aliyekuwa masomoni, mume akafariki, akabaki na kazi. Alipoanza hapa mwaka 1988, Mzee Tawete alimuuliza anatoka wapi. Aliposikia Kalenga alisimama, akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Fungeni mbwa wenu," aliwatangazia watu wote wa zamu, "Mhehe ameingia."

Bibi Redempta aliweka mashuka chini, akaingia chumba cha mashine za kukaushia na kulia. Wenzake walimfuata kumbembeleza. Wakamkuta analia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa amekaa katika mji huu karibu mwaka mzima, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumtukana kama ndugu.

Kwa wasomaji waliokulia hapa, maelezo yanahitajika. Wangoni na Wahehe walipigana zamani, vita vikali, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Uadui ulipochoka, kikabaki kitu kinachoitwa utani. Mjukuu wa upande mmoja ana ruhusa ya kumtukana mjukuu wa upande mwingine, kumnyang'anya chakula, kumwita mla mbwa au mla panya, kumwita mtumwa wake, kumuuliza atakufa lini. Aliyetukanwa haruhusiwi kukasirika. Na ruhusa hiyo ina mzigo wake, kwa kuwa mtani ndiye anayepaswa kufika wa kwanza kwenye msiba na kuondoka wa mwisho. Matusi ya mwaka mzima ni ahadi ya siku hiyo.

Basi kwa miaka minane wawili hawa wametukanana kwa bidii. Kwenye kituo cha basi, mtu akipita na mbwa aliyevishwa koti la baridi, Mzee Tawete humwambia mwenzake, "Redempta, chakula chako cha mchana hicho, wamekifunga kisipoe." Bibi Redempta naye hukagua mifuko ya koti lake mbele za watu, akitafuta panya. Mumewe alipotimiza miaka mitano kaburini, ni Mzee Tawete aliyeagiza misa, na baada ya misa alimwambia Redempta kwamba marehemu alikuwa na bahati ya kuwahi kuondoka.

Sasa tulitaje jambo lenyewe.

Ilikuwa Jumanne moja ya Februari, saa ya chakula. Bibi Redempta alifika mezani, akaiondoa sahani iliyokuwa mbele ya Mzee Tawete na kuanza kula.

"Wewe Mngoni, bado hujafa? Nguo nyeusi nimeshanunua, zinaliwa na nondo kabatini."

"Nirudishie sahani yangu, mama."

"Sahani yako ni ile yenye mkia wa panya. Hii ina nyama ya kuliwa na watu. Jamani, mnamwona huyu? Ni mtumwa wetu! Babu yangu alimchoma babu yake mkuki wa makalio, ndiyo maana ukoo mzima hawawezi kukaa. Wametoka Natali kwa Wazulu wanakimbia, wamefika Songea miguu imevimba. Huyu kazidisha, kakimbia mpaka Toronto!"

Meza nzima iliangua kicheko. Médiatrice wa idara ya pasi alipaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongoni. Mzee Tawete peke yake hakucheka, kwa kuwa mtani hodari hacheki. Aliinamisha kichwa, akashusha taulo begani, akajifuta macho polepole na kuvuta kamasi.

"Kula, mama," alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Mimi ni mzee, sina nguvu ya kujitetea."

Bi. Inara alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye meneja wetu wa utumishi tangu mwaka jana. Amekulia Unionville, Kiswahili cha nyumbani anakisikia chote na hujibu kwa Kiingereza. Angekuwa meneja asiyejua lugha yetu angeona watu wanacheka, akapita zake. Bi. Inara alielewa kila neno. Alisikia mtumwa, alisikia bado hujafa, aliona mzee aliyemlisha ugali akijifuta machozi huku watu wakimcheka. Kabla zamu haijakwisha Bibi Redempta alikuwa na barua mkononi. Ilisema amesimamishwa kazi kwa kumdhalilisha mfanyakazi mzee kutokana na asili yake.

Bibi Redempta aliisoma mara mbili. Alikunja aproni yake kama anavyokunja mashuka, kona kwa kona, akaiacha juu ya meza na kwenda kupanda basi. Hakuomba kuonana na mtu.

Walioangua kicheko mezani waliitwa ofisini mmoja mmoja kueleza walichokiona. Haipendezi kuandika haya katika wasifu wa sherehe, lakini ni kweli: wengi walisema hawakusikia vizuri. Mmoja alisema kwamba wakati huo alikuwa akitafuta chumvi. Kila mmoja ana watoto na kodi ya nyumba, na hofu ya kazi inafahamika, hata kwa anayeandika. Médiatrice peke yake alisema, "Ni watani wale, dada. Waache." Maneno yake hayakuandikwa popote kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya neno hilo.

Mzee Tawete aliambiwa habari hizo na Brice mwisho wa zamu. Alipanda ngazi na spana mkononi. Mlango wa ofisi ya utumishi ulibaki wazi, na meza ya karani anayeandika haya iko nje ya mlango huo, kwa hiyo yanayofuata hayakusimuliwa na mtu wa pili.

"Binti, umemfukuza mtani wangu?"

Bi. Inara alisimama. Alimwambia kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba asiwe na wasiwasi, kampuni itamlinda, na kwamba katika umri wake hakuna mtu mwenye haki ya kumwita mtumwa.

"Kunilinda na nani? Na Redempta?" Sauti yake ilisikika mpaka kwenye mashine. "Nimekuomba ulinzi lini?"

Bi. Inara alisema alimwona akilia.

"Nilikuwa nacheza! Ulitaka nicheke kama mtoto? Mtani anayecheka ameshindwa! Nilikuwa chini pale, binti. Ungeniuliza. Mimi niliyekukatia tonge, ungeshuka ukaniuliza, Anko, unalia nini?"

Alijibu kwamba hakujua.

"Hukujua, lakini uliandika."

Halafu akasema maneno ambayo karani aliyasikia akiwa ameshika kikombe na kusahau kukiweka chini.

"Baba yangu alipokufa Muhukuru, Wahehe wawili waliokuwa wakifanya kazi ya tumbaku jirani walifika kabla ya ndugu zetu. Mmoja akashuka kaburini, akalala chali. Akasema Mngoni huyu hafukiwi bure, leteni jogoo. Watu wakamsihi, akakataa, akajifanya anakoroma. Mama yangu alikuwa hajafungua kinywa tangu alfajiri, hata maji hakunywa. Alicheka. Alicheka huku analia, na sisi watoto tukajua kwamba ataishi. Katika mji huu mzima nina Mhehe mmoja. Nikifa hapa, nani ataingia kaburini kwangu? Wewe na barua yako?"

Bi. Inara aliketi tena kitini.

"Mimi sikuokotwa," alisema Mzee Tawete. "Nimelelewa. Nimelelewa Kusini, na kwetu anayenitukana hivyo ndiye atakayenizika. Mnaniita anko, mtanipa saa ya ukutani nikistaafu, halafu mnaona aibu na nilikotoka mpaka mnaniita mwonewa. Mwonewa gani? Mimi ni Mngoni!"

Aliweka spana juu ya meza ya kioo na kushuka. Kioo kilipata ufa, na ufa huo upo mpaka leo.

Kesho yake Bwana Bahadur alikuja kutoka nyumbani. Siku hizi huja mara chache kwa sababu ya magoti. Kwa miaka ishirini na mitatu wawili hao wameamkiana kwa Kingoni kila walipokutana. Asubuhi hiyo Mzee Tawete alivua kofia na kumwamkia kwa Kiingereza, kama mtu anavyomwamkia karani wa benki. Bwana Bahadur alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katika chumba cha boila. Brice aliyekuwepo anasema mkubwa wetu alionekana kama aliyepigwa.

"Bahadur," Mzee Tawete alimwambia mwishowe, "mtoto umempa maneno, hukumpa mahali yalikotoka."

"Niliona hapa hayatamfaa," alisema Bwana Bahadur.

"Yamemfaa. Ameyatumia kumfukuza Redempta."

Wiki iliyofuata Bibi Redempta alirudi kazini. Tungependa kuandika kwamba yaliishia hapo. Nakala ya barua ile ilibaki ndani ya faili lake, kwa kuwa utaratibu haukuwa na njia ya kuitoa. Mezani hakumtukana tena mtu. Aliketi mwisho kabisa, akala chakula chake, akamwita Mzee Tawete "Mzee", kwa adabu kamili, kama mtu aliyeajiriwa jana. Wote tuliona uso wa Mzee kila alipoamkiwa kwa adabu hiyo. Hakuna tusi lililowahi kumuumiza vile.

Na mwezi wa tano ratiba ya sherehe hii ilipopangwa, wasemaji walikuwa watatu, na jina la Redempta Kikoti halikuwamo. Ilielezwa kwamba ni kwa ajili ya kuepuka usumbufu mbele ya wateja waalikwa. Mzee Tawete alisoma ratiba kwa miwani ya Brice kisha akairudisha.

"Kama Redempta hasemi, mimi siji. Keki mtakula wenyewe."

Waliokwenda kumbembeleza walirudi wakiwa wametukanwa, na bila utani. Alisema hawezi kusifiwa na watu watatu wasiojua ni nani, halafu yule mmoja anayemjua akae kimya pembeni kama mwizi. Alisema kuagwa hivyo ni kuzikwa bila mtani, na hata mbwa wa Wahehe huzikwa vizuri zaidi, tumboni. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti, akitazama upande wa idara ya kukunja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari. Bibi Redempta aliendelea kukunja, lakini Médiatrice anaapa kwamba mabega yalimtikisika.

Jumatatu ya wiki hii, saa ya chakula, Bi. Inara alishuka. Alikuwa na ile barua mkononi. Alisimama mwisho wa meza ndefu, na kwa mara ya kwanza wengi wetu tulimsikia akisema Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

"Bibi Redempta, mimi nimekosa. Nilisikia, lakini sikujua. Barua hii naichana mbele ya watu wote, kwa sababu niliandika bila kuuliza watu wote."

Akaichana. Bibi Redempta alifuta mikono.

"Ahsante, meneja," alisema, na kurudi kwenye sahani yake.

Hakusema zaidi, na hakuwa na deni la kusema zaidi. Bi. Inara si mtani wake. Hana haki ya kutukanwa naye. Alibaki amesimama, vipande vya karatasi mkononi, mpaka Mzee Tawete alipovuta kiti kwa mguu.

"Kaa ule," alimwambia. "Na siku ya Ijumaa uje. Kaa, sikiliza, usiandike."

Alikaa. Tonge lake la kwanza lilikuwa baya, kubwa mno, na Mzee Tawete alimwambia hivyo.

Tungekosea kusema kwamba hasira yake imekwisha. Haijaisha, na sisi hatujaona sababu ya kumwomba aimalize kwa ajili ya sherehe. Kabla ya Februari alikuwa amepanga kubaki Toronto, chumbani kwake Parkdale, karibu na parokia yake. Sasa tiketi imekatwa. Mwezi wa nane anarudi Muhukuru. Anasema anataka kwenda kufa mahali ambapo Wahehe hawahitaji kibali cha ofisi. Kiwanda kinampoteza fundi wake, Brice anampoteza mwalimu, na Bwana Bahadur anampoteza mtu wa mwisho wa kuzungumza naye Kingoni. Lakini anayepoteza zaidi anakunja mashuka. Kuanzia mwezi wa nane, katika mji huu wote, hakutakuwa na mtu wa kumwambia Redempta Kikoti afunge mbwa wake. Hilo ndilo barua ile ililolifanya, na kuchanwa kwake hakukulitengua.

Tunamshukuru Mzee Nicolaus Tawete kwa joto la miaka ishirini na mitatu, kwa meza ndefu, kwa shikamoo za asubuhi, kwa kutukatalia kula tukiwa tumegeukia ukuta. Tunamshukuru kwa kutuonyesha kwamba mtu aliyelelewa vizuri kijijini hahitaji kuomba radhi kwa mtu yeyote wa mjini, hata mji uwe mkubwa kama huu.

Wageni waalikwa wanaombwa radhi mapema. Msemaji wa nne na wa mwisho ni Bibi Redempta Kikoti. Akimwita mtumwa, msishtuke. Akimuuliza kwa nini hajafa, msimkatize. Ametuarifu kwamba akimaliza kusema atalala chali mlangoni, na Mngoni huyu hatavuka kutoka kiwandani mpaka alipe mbwa mmoja aliyenona. Tafadhali msimwinue. Mlango wa nyuma utafungwa kwa ufunguo, na ufunguo anao Bi. Inara, ambaye ameuomba mwenyewe.

Sisi tusio watani wa Mzee Tawete hatuna cha kumpa ila heri. Mzee wetu, nenda salama, upokewe vizuri kwenu, uishi miaka mingi yenye mavuno na panya wanono. Mengine utaambiwa na Redempta.